Sinia la Duka

Nilipopigiwa simu kwamba Bi Zaliha wa Mutsamudu amefariki, nilikuwa dukani kwangu hapa Tanga nikibishana na mjukuu wangu kuhusu nyota. Si nyota za mbinguni. Binti huyu anauza vitenge kwa simu, na kila anayenunua huombwa atoe nyota, kuanzia moja mpaka tano, kadiri alivyohudumiwa. Alikuwa ananionyesha simu yake kwa furaha, tano, tano, tano, mpaka macho yangu yakaanza kuona nyota za kweli. "Babu, ona, wote wameridhika!" Nikamwambia nyota tano nyingi namna hiyo zingeninyima usingizi mwaka mzima, na kwamba siku atakapopata nyota moja yenye matusi nitampikia biriani kwa mikono yangu. Akacheka, akasema nimezeeka. Ndipo simu yangu ikalia, na sauti ya kike yenye lafudhi ya Nzuani ikaniambia, "Bibi yetu ametangulia." Nikakaa juu ya jora la bafta, nikalia mbele ya wateja. Bi Zaliha angekuwa hai angenikemea palepale kwamba mteja hakuja dukani kunipa pole.

Nilisafiri kwenda kwenye hitima yake. Na kwa kuwa mjukuu wangu hakuacha kuniuliza kwa nini naogopa nyota, niliahidi nitaandika habari za mwaka mmoja tu, ule ulionifanya niwe muuza nguo badala ya kuwa mtu wa maana. Ni mwaka wa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Wale askari wa kizungu wa kukodiwa walikuwa wamekwisha kupindua serikali na kumrudisha rais wamtakaye, kisha wenyewe wakabaki kumlinda. Walipita Moroni, mji mkuu wa visiwa vyetu, na magari yao ya wazi, nguo nyeusi, viatu vizito, na sisi sote tulikuwa mabingwa wa kuzungumza habari za bei ya samaki kila walipokaribia. Mimi nilikuwa kijana mwembamba kiasi kwamba kivuli changu kiliona haya kuanguka chini. Mchana nilifanya kazi katika duka la nguo la Mzee Halidi karibu na soko. Baada ya sala ya magharibi nilikwenda shule ya jioni mtaa wa Magudju, katika chumba cha madrasa ambacho watoto walikuwa wamekiachia joto lao na harufu ya wino. Tuliketi mikekani na kanzu zetu za kazini, makarani, mafundi cherehani, dereva mmoja wa teksi aliyelala kila somo na kufaulu kila mtihani, nasi tukijifunza biashara chini ya taa ya kandili kana kwamba kesho yake tungekabidhiwa benki.

Mwalimu wetu aliitwa Ibrahimu. Alikuwa mmoja wa watu wetu waliorudishwa kutoka Majunga, ng'ambo, baada ya wenzetu wengi kuuawa huko, na watu walisema alishuka na sanduku moja ambalo ndani yake hamkuwa na shati wala suruali ila vitabu vya biashara vya Kifaransa. Alikuwa na tabia ya kutafuna karafuu alipofikiri, na alifikiri sana, kwa hiyo chumba kizima kilinukia kama mtu anayetibiwa jino. "Msiniambie mteja ameridhika," alikuwa akituambia. "Nani kasema? Yeye? Kwa mdomo? Mdomo wa Mngazija umefundishwa adabu kabla haujafundishwa kusema kweli. Nipeni kipimo." Neno hilo kipimo liliniingia kichwani likajenga nyumba. Nilianza kupima kila kitu. Nilimpima mama mwenye nyumba wangu kwa namna alivyoniwekea mchuzi, nikampima imamu kwa namna watu walivyokohoa wakati wa hotuba.

Mzee Halidi akasikia habari zangu. Huyu alikuwa mzee wa heshima, amekwisha kufanya ile harusi kubwa ambayo kwetu ndiyo inayomfanya mwanamume awe mtu kamili. Ijumaa alivaa joho lililotariziwa dhahabu na kukaa mstari wa mbele, na katika karamu alijua hasa ni kipande gani cha nyama kinachomstahili. Alikuwa na maduka mawili, la Moroni na la Mutsamudu kule kisiwani Nzuani, na meli zilikuwa haziji vizuri. Mali haikutosha maduka mawili. "Wewe unasoma mambo ya kupima," aliniambia mbele ya kaunta. "Nipimie. Mauzo nayaona mwenyewe, lakini mauzo ya mwaka huu ni ya wazungu hawa, na wazungu hawa wataondoka siku moja kama walivyokuja. Nataka kujua watu wetu wanahudumiwaje. Duka linalowaudhi watu nitalifunga kabla msimu wa zile harusi kubwa haujaanza." Nikasema, "Ndiyo, Mzee," kwa sauti nene niliyokuwa nikiihifadhi kwa siku nitakayokuwa mkurugenzi.

Basi nikabuni kipimo ambacho mpaka leo nakisifu, ingawa kilikaribia kuleta msiba. Nilichukua gudulia la udongo, nikaliweka mlangoni, na kando yake vikapu viwili: kimoja cha vipande vyeupe vya matumbawe kutoka ufukweni, kingine cha mawe meusi ya mlima wetu wa moto, ambayo Moroni huhitaji kuyatafuta, yanakutafuta wewe. Mteja anayetoka akiwa radhi atie jeupe. Aliyeudhika atie jeusi. Mwalimu Ibrahimu alipoona aliacha kutafuna karafuu, na hiyo kwake ilikuwa sawa na mizinga ishirini na moja.

Duka la Moroni lilikuwa chini ya Nasuri. Nasuri alikuwa na meno mazuri kuliko mtu yeyote katika Bahari ya Hindi, na aliyaonyesha hata alipopiga chafya. Alijipaka manukato ya langilangi, aliwafungulia wateja wazito soda, alimwita kila mwanamke "dada yangu wa tumbo moja." Gudulia lake lilijaa matumbawe mpaka likawa kama sahani ya wali. Jeusi hata moja. Asubuhi moja, mama mmoja wa mtaa wa pili, Mama Rukia, alikuja kuchagua nguo za harusi ya binti yake. Nasuri akafungua jora baada ya jora, kaunta yote ikawa bustani. Mara viatu vizito mlangoni. Mzungu mmoja wa nguo nyeusi, akitaka mashati. Duka likanyamaza, hata nzi, nadhani, walitua. Nasuri akamwachia Mama Rukia kitambaa nusu mkononi nusu kauntani, akakimbia. Tulimsikia akicheka vicheko vyote vya mzungu kabla mzungu hajavicheka. Muda ukapita, na bado. Mama Rukia akakunja kitambaa mwenyewe, polepole, pembe kwa pembe, akakilaza.

"Mama, subiri kidogo tu," nikamwambia.

"Hakuna neno, mwanangu. Mhudumieni mgeni." Akatabasamu. Akatia tumbawe moja jeupe, taratibu, lisipige kelele, akatoka.

"Umeona?" Nasuri akaniambia baadaye, akijifuta jasho. "Hata aliyengoja karidhika!" Na mimi, mwanafunzi bora wa Magudju, nikakubali. Kipimo si kilikuwa kinaonekana kwa macho?

Kisha nikapanda ndege kwenda Nzuani, ndege ndogo ambayo naapa ilikuwa imefungwa kwa kamba na dua za abiria. Tukatua uwanja wa Wani, nikachukua teksi mpaka pembeni ya mji mkongwe wa Mutsamudu, na kutoka hapo ni miguu tu, maana vichochoro vyake ni vyembamba hivi kwamba wanene wawili wakikutana mmoja lazima abadili nia. Nilibeba gudulia langu la pili kifuani kama mtoto mchanga. Duka lilikuwa chini ya nyumba ya mawe, na ndani yake, amejifunga shiromani, ile nguo ya wanawake wa Nzuani ya nyekundu na nyeupe, alikaa mwanamke mfupi, mpana, mwenye macho ya hakimu.

"Wewe ndiye mtoto wa kupima?" akasema bila salamu.

"Ndimi, Koko." Koko kwetu ni bibi, na yeyote mwenye mvi zile unamwita hivyo.

"Basi anza kupima mlango, usije..." Lakini nilikuwa nimekwisha kugonga kichwa. Akacheka mpaka majirani wakaja kuuliza nini, naye akawasimulia, na nilipofika ghorofani kuweka mfuko wangu nilikuwa tayari ninajulikana mji mzima kwa uvimbe.

Chumba nilichopewa kilikuwa na kuta nene, kitanda kirefu cha kupanda kwa kigoda, na dirisha ambalo ningenyoosha mkono ningechukua chumvi jikoni kwa jirani. Juu ya kichochoro palikuwa na kijia kilichounganisha nyumba ile na nyingine, wanawake wakipita juu kwa juu bila kushuka njiani, na maneno yao yalinifikia yote, yaliyonihusu na yasiyonihusu. Kilikuwa chumba cha marehemu mume wake. Alinieleza hivyo siku ya pili tulipokuwa tunakula, kama mtu anayeeleza mahali chumvi ilipo, akaongeza kwamba nyumba na duka ni mkataba mmoja wa Mzee Halidi. Nikatafuna. Nikauliza, "Yaani duka likifungwa..." Akasema, "Funguo zote ziko katika kamba moja," akanisogezea mchuzi. Tangu hapo kila nilipoliangalia gudulia nilikuwa naona chumba kile.

Na gudulia, jamani, likaanza kujaa meusi! Si kwa bahati mbaya. Bi Zaliha alihudumia watu kama mtu anayewalea kwa nguvu. "Rangi hii? Kwa ngozi hiyo? Unataka mawifi wakucheke mpaka Idi?" Mwingine akishika jora: "Hicho acha. Kinachuja. Nakiweka kwa ajili ya watu nisiowapenda." Mwanamume akija kumnunulia mkewe: "Umemkosea nini? Nieleze kwanza, ndiyo nijue ukubwa wa doti." Na mmoja alimfukuza kabisa: "Leo umekuja na hasira, utachagua nyekundu, kesho utanirudishia. Nenda ukanywe maji." Na wale wateja, badala ya kuondoka kimya kama watu wenye adabu zao, walisimama mlangoni wakachagua jiwe kubwa kuliko yote.

"Jeusi hili, Bi Zaliha, kwa ulimi wako!"

"Tia na la mama yako, alikuja juzi akasahau!"

Kilikuwa kicheko kichochoro kizima. Mimi sikucheka. Usoni pangu pote palikuwa na lile neno kipimo. Jioni moja nikamwambia ukweli wote: Mzee anakuja, akikuta meusi anafunga. Alikuwa anakata kitambaa. Mkasi ukasimama katikati. Kisha ukaendelea, lakini ukapinda kidogo, na nadhani hicho ndicho kitambaa pekee alichowahi kukipinda. "Nifanye nini?" akauliza. Hiyo sauti ndogo sikuwahi kuisikia kabla. Nikamsihi, "Koko, tabasamu kidogo. Wiki hii tu." Kesho yake akajaribu. Wallahi alijaribu. Alimwonyesha mteja wa kwanza meno yote aliyokuwa nayo, na yule mama akarudi nyuma, akauliza kwa huruma, "Bi Zaliha, jino linakuuma?" Basi. Akafunga mdomo, na lililofuata lilikuwa jeusi kama kawaida.

Jambo moja tu lilinifariji: chakula. Sijapata kula maishani kama nilivyokula Mutsamudu. Kila siku chache, wakati mwingine siku mbili mfululizo, mlango uligongwa, likaingia sinia limefunikwa kawa: pilau, ndizi za nazi, mkate wa sinia ulionona hata ukauogopa, samaki mwenye ukubwa wa mlango. Nilinenepa, kivuli changu kikapata heshima. Nilidhani mji huu unapenda wageni kupita kiasi, na Bi Zaliha hakunieleza vingine kwa sababu yeye mwenyewe aliyaona masinia yale kama usumbufu. Alinung'unika kwamba sasa atalazimika kuyaosha na kuyarudisha na kitu ndani yake, kama ilivyo ada.

Siku niliyokuwa nikiiogopa ilitanguliwa na nyingine. Alikuja bikizee mmoja, Koko Hadija, kuchagua nguo za harusi ya mjukuu wake. Alikuwa haoni vizuri, kwa hiyo kila kitambaa alikipapasa, akakinusa, akakisimulia kisa cha kitambaa kama hicho alichovaa yeye zamani. Bi Zaliha akamsikiliza. Watu wazima kama hawa hakuwatukana, aliwatukana mawifi zao tu. Ndipo kikaja kivuli mlangoni. Mzungu wa nguo nyeusi, mrefu, akainama kuingia na hakugonga kichwa, jambo lililoniudhi. Alikuwa na mkalimani, kijana wa Moroni mwenye suruali ya kijani. Alitaka shiromani kwa ajili ya mwanamke fulani. Akapiga vidole, tak.

Bi Zaliha hakuinua macho. "Mwambie akae," akamwambia mkalimani. "Nikimaliza na Koko huyu, ni zamu yake."

Mkalimani akawa na rangi ya suruali yake. Akatafsiri maneno marefu sana, nadhani alisema kuna maradhi ya kuambukiza. Mzungu akatazama. Koko Hadija, ambaye hakuona nguo nyeusi wala bunduki ya kiunoni, akaendelea na kisa chake. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya majora nikisoma kila sura niliyoijua. Na huku kisa cha Koko Hadija kinaendelea, yule mtu akakaa. Akakaa kwenye gunia la pamba kama sisi wengine, magoti yakimfika kidevuni, akangoja. Kichochoro kizima kilikuwa kimekuja kutazama na kujifanya hakitazami. Zamu yake ilipofika Bi Zaliha akamnyang'anya kitambaa alichokishika. "Hicho kinachuja, mwambie. Atamtia aibu huyo mwanamke wake." Akampa kingine. Mzungu akalipa, akaeleweshwa habari ya gudulia, akacheka, akatia tumbawe jeupe. Ndilo lililokuwa jeupe pekee katika lile gudulia, mpaka leo nalikumbuka lilivyokaa juu ya yale meusi kama mgeni.

Siku chache baadaye Mzee Halidi akafika na mkoba na uso wa kikazi. Asubuhi hiyo nilikuwa dirishani, nikipanga namna ya kusema, niliposikia wanawake wawili wanapita katika kile kijia cha juu, wakitoka jikoni mwa nyumba ya Koko Hadija yenye harusi.

"Sinia la duka limekwenda?"

"Bado. Kwanza la mjomba wa bibi harusi."

"Mjomba angoje! Kwani mjomba ndiye aliyemkalisha yule mzungu? Mama amesema la duka kwanza, na nundu iwe humo."

"Nundu? Mjomba atanuna."

"Anune. Yeye anakuja kula tu. Bi Zaliha ndiye aliyemkataza Mama kununua kile cha kuchuja. Tungefedheheka, wewe!"

Nilibaki na mkono dirishani. Sinia la duka. Halikuwa la mgeni. Halikuwahi kuwa la mgeni. Miezi yote ile nilikuwa nimekaa juu ya mkeka nikila kipimo chenyewe, nikilamba na vidole.

Nikashuka ngazi kwa mshindo. Mzee Halidi alikuwa amekwisha kukaa chumba cha ndani, na mbele yake lile gudulia limemiminwa mkekani: kilima cheusi na kipande kimoja cheupe. Bi Zaliha alikaa pembeni, mikono juu ya mapaja, kimya. Nimewahi kuona mlima wetu wa moto ukitoa moshi, sikuogopa kama nilivyouogopa ukimya ule. "Mauzo kidogo," Mzee alikuwa anasema, si kwa ukali, "na haya. Bi Zaliha, nimekaa na wewe miaka mingi, sijui nifanyeje." Kabla sijafungua mdomo, mlango ukagongwa. Likaingia sinia juu ya kichwa cha msichana, kubwa kama gurudumu la lori, likatuliwa palepale pembeni ya mawe.

"Nani amekufa?" akauliza Mzee Halidi.

"Hakuna, ni harusi," nikasema.

"Sinia la nani?"

"La duka."

"Duka linaalikwa harusini?"

Nikafunua kawa. Mvuke ukapanda. Juu ya pilau, katikati, kilikaa kipande cha nundu kinachong'aa, kile ambacho nyumba yenye harusi humwekea mjomba. Mzee Halidi alikuwa mtu aliyeishi maisha yake yote akijua kipande gani ni cha nani. Watu wamenuniana miaka kwa mbavu moja. Akakitazama. Akamtazama Bi Zaliha. Akarudi kukitazama kama mtu anayesoma barua kutoka serikalini.

"Haya huja mara ngapi?"

"Karibu kila harusi, Mzee. Mimi nimenenepa, si unaona?"

"Na Nasuri? Huletewa nini pale Moroni?"

Nikafikiri. Nikamwona Nasuri saa saba mchana, nyuma ya kaunta, manukato na meno yake. "Nasuri hula mkate na sadini, Mzee."

Mzee akakigeukia kile kilima. Kisha akachota kwa mkono mawe meusi, yakamwagika kati ya vidole vyake. "Na haya basi ni nini?"

Sijui nilitoa wapi maneno. Labda ni Mwalimu Ibrahimu aliyenipandia kichwani. Nikasema, "Hayo ni ya watu waliokusudia kurudi kesho, Mzee. Mtu hagombani na duka ambalo hatalirudia."

"Na yale meupe ya Moroni?"

Nikamkumbuka Mama Rukia akikunja kitambaa pembe kwa pembe. Tangu siku ile sikuwa nimemwona. "Yale," nikasema, "watu walikuwa wanatuaga."

Mzee Halidi akanawa mikono. Akakata nundu vipande viwili, kikubwa akamwekea Bi Zaliha, kidogo akala yeye. Mimi sikupewa, na ilikuwa haki. Bi Zaliha akala, machozi yakimtiririka mpaka kwenye pilau, kisha ghafla akainua kichwa: "Chumvi imezidi. Nitawaambia." Hapo nikajua chumba cha ghorofani kimepona.

Duka la Mutsamudu halikufungwa, wala la Moroni. Nasuri alihamishiwa bandarini kushughulika na watu wa forodha, ambako meno yake yalifanya maajabu na mali ikatosha maduka yote mawili, nami nikapewa kaunta yake. Nilikwenda kwa Mama Rukia nyumbani kumwomba arudi. Alinikaribisha, akanipa juisi ya ukwaju, akatabasamu, akasema hakuna neno, na hakukanyaga duka lile tena mpaka alipoiaga dunia. Aliyekuja ni binti yake, baadaye sana, akakaripia bei mbele ya watu wote na kutia jiwe jeusi. Nilitaka kulitia kwenye fremu. Kila aliyeingia, hata wa nguo nyeusi, alingoja zamu yake, nami ndiye niliyemwambia hivyo. Nilipomsimulia Mwalimu Ibrahimu kisa chote, alitafuna karafuu mpaka nikadhani kasinzia. Akauliza, "Nyama gani?" Nikasema, "Nundu." Akasema, "Na hukuniletea?" Ndivyo alivyonipa alama zangu za mwisho, na cheti nilichonacho mpaka leo kinanukia karafuu, au mimi ndiye ninayependa kusema hivyo.

Sasa nimezeeka, nimeuza nguo katika miji mitatu, na sijawahi kumwona mtu aliyenifunza zaidi kwa kunitukana. Kila mteja aliyewahi kunigombeza na kesho yake akarudi, nilimshukuru Bi Zaliha kimoyomoyo. Siku ya hitima yake nilimwomba mama wa nyumba niliyofikia anipikie pilau, nikanunua kawa jipya sokoni, nikalibeba sinia kichwani mwenyewe, mzee mzima, vichochoroni. Watu walinipisha. Nilipofika kwenye ule mlango nililitua, nikainama sana, sana, kuliko hata ilivyohitajika, nikaingia. Ukumbi ulikuwa umejaa masinia tangu ukutani mpaka ukutani, watu wakirukaruka kati yake kutafuta pa kuweka mguu.

Msichana mmoja akanipokea. "Kutoka nyumba gani, babu?"

"Kutoka dukani," nikasema.

Akageuka, akapaza sauti kwa wanawake wa ndani: "Sinia la duka limefika!" Na kutoka jikoni, katikati ya mvuke na vilio, sauti ya mwanamke mtu mzima ikajibu, "Lipitisheni mbele. La mjomba lingoje."